Zege Lako ni Zima? Gonga Usikie

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli, lakini leo nataka kuongeza jambo moja: si kila ufa ni wa kuziba. Uko ufa wa kuacha, uko ufa wa kuziba, na uko ufa unaokuambia, "Vunja, ujenge upya." Asiyejua kuzitofautisha nyufa hizo hupoteza fedha zake, na pengine hupoteza mtu.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Bamba la zege linalofunika shimo la choo chetu lilipata ufa. Nikanunua saruji kidogo, nikapaka juu yake, nikaona kazi imekwisha. Baada ya masika ufa ukarudi palepale. Nikapaka tena. Siku moja mama yangu mzazi, aliyekuja kututembelea, akaligonga bamba lile kwa fimbo yake, akaniita: "Baba, njoo usikilize. Hapa pana sauti ya chungu kilichopasuka." Mama huyu hajui kusoma, lakini amenunua vyungu sokoni maisha yake yote, na hanunui kabla ya kugonga. Fundi mwashi alipokuja kulinyanyua bamba, tulikuta nondo zimeliwa na kutu hata zimekuwa nyembamba kama ujiti wa fagio. Watoto wetu wanne walikuwa wakisimama juu yake kila siku. Usiku ule sikupata usingizi.

Basi, ndugu msomaji, fanya hivi nyumbani kwako.

Kwanza, tazama. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa sakafuni kama utando wa buibui, mara nyingi ni za juu tu. Hutokea zege likikauka upesi mno. Usihangaike nazo. Lakini ufa unaoweza kupokea ukingo wa sarafu ni habari nyingine. Chora alama kwa penseli kwenye ncha zake mbili, andika na tarehe. Rudi baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya mvua. Ikiwa haukupita alama, umetulia: uzibe. Ikiwa umeendelea, au upande mmoja umeshuka kuliko wa pili, basi huenda ardhi ya chini inatitia, na saruji ya juu haitaizuia.

Pili, gonga kwa nyundo ndogo au fimbo. Zege zima hutoa sauti kavu na kali. Lililoachana ndani hutoa sauti ya utupu. Kama ni bamba la choo, gonga ukiwa umesimama pembeni, si juu yake.

Tatu, kwaruza kwa msumari. Msumari ukiteleza, vema. Ukizama na kuchimbua mchanga, zege hilo halina nguvu tena, au halikuwa nayo tangu mwanzo.

Nne, tafuta madoa. Doa la rangi ya kutu ni onyo kubwa. Chuma kikishika kutu huvimba, kikalisukuma zege mpaka likabanduka. Doa jeupe nje ya tangi la maji laonyesha kwamba maji yanapenya na kuchukua chokaa ya saruji.

Ukiona ubovu ni wa mahali padogo na nondo ni nzima, tengeneza. Lakini usipake juu juu kama nilivyofanya mimi. Panua ufa kwa tindo, ondoa vumbi lote, lowesha kwa maji, kisha jaza saruji kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu. Funika kwa magunia mabichi, uyamwagilie siku saba.

Lakini ikiwa ufa umepita toka juu hata chini, au nondo zimeliwa, au bamba linatikisika, au sehemu kubwa inatoa sauti ya utupu, usitengeneze. Wazuie watu leo hii, na shimo lisikae wazi hata saa moja bila kufunikwa kwa magogo imara.

Katika kumwaga bamba jipya, changanya saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Mchanga uwe safi. Ukiufinya mkononi ukaacha tope, uoshe kwanza. Maji yasizidi, kwani zege la majimaji ni rahisi kumwaga lakini huwa dhaifu. Nondo ziwe upande wa chini, kwa maana uzito wa mtu hulivuta bamba upande huo. Lakini ziinuliwe kwa vijiwe ili zege lizifunike kiasi cha inchi moja. Likisha kushika, limwagilie siku saba, wala usiharakishe kulikanyaga.

Jumamosi hii, kabla ya kwenda sokoni, chukua fimbo uzunguke nyumba yako: choo, tangi, baraza, ngazi. Kazi hiyo haichukui nusu saa, wala haigharimu hata senti moja. Mama yangu aliifanya kwa pigo moja tu.