Vumbi Linalorudi Nyumbani: Mwajiri Anadaiwa Nini?

 

Baba ametoka kazini kiwandani Mazeras au Mariakani, shati limejaa vumbi. Mtoto anamkimbilia, anabebwa. Je, ni nani aliyepaswa kulizuia vumbi hilo kabla halijafika nyumbani?

Wengi husema, "Ndiyo kazi, tutafanyaje?" Mama, Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Wajibu wa mwajiri una ngazi tatu.

Ya kwanza ni LAZIMA. Mashine zenye hatari ziwekewe kinga. Maji safi ya kunywa yawepo. Anayeshika vitu vyenye madhara apewe glavu, viatu na miwani inayofaa. Hapa jibu la "sina pesa" halikubaliki.

Ya pili ni KADIRI INAVYOWEZEKANA. Vumbi na moshi wenye madhara viko hapa. Kama kuna njia ya kuvizuia, kwa mfano kulowesha vumbi au kufunga mtambo wa kulifyonza, mwajiri aitumie, hata ikimgharimu.

Ya tatu ni KADIRI INAVYOWEZEKANA KWA BUSARA. Mfano ni njia salama ya kufikia mahali pa kazi. Hapa hatari hupimwa na gharama. Hatari ikiwa kubwa na gharama ndogo, mwajiri hana kisingizio. Ngazi mbovu inayoweza kumvunja mtu mgongo haingoji mwaka ujao.

Kwa nini nawaambia akina mama? Kumbukeni Owino Uhuru, kule Mikindani, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitoa sumu ya madini ya risasi. Phyllis Omido alifanya kazi pale, na mtoto wake mchanga akapatikana na sumu hiyo mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikarejesha uamuzi huo. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na mara nyingi huanza bila dalili yoyote.

Basi, nyumbani fanyeni hivi:

Baba aoge na kubadilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zisikung'utwe ndani, na zifuliwe peke yake.

Ukimpeleka mtoto kliniki, mwambie muuguzi baba anafanya kazi gani. Hasa mtoto akiwa na upungufu wa damu, maumivu ya tumbo yasiyoisha, au akichelewa kuongea.

Baba akiumia kazini, mwajiri aarifiwe mara moja, hata kama jeraha ni dogo. Akichelewa kudai fidia zaidi ya miezi 12, haki yake inaweza kupotea.

Mwajiri asipotekeleza wajibu wake, mfanyakazi apeleke malalamiko kwa maofisa wa usalama na afya kazini. Sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamikia usalama wake.

Mama, mshahara huingia nyumbani mwisho wa mwezi, lakini vumbi huingia kila jioni. Leo jioni, kabla hujapakua chakula, muulize mwenzio: "Huko kazini mmepewa nini cha kujikinga?"

Tukutane tena wiki ijayo. Mbaki salama.