Daktari aliyemkabidhi mgonjwa kisu

Tangazo lilikuwa la kazi ya miaka 3. Lilitoka mwaka 1958 katika jarida la kitabibu la The Lancet: Ethiopia ilihitaji daktari wa uzazi wa kuanzisha shule ya wakunga mjini Addis Ababa. Huko Australia, Dk. Catherine Hamlin na mumewe Dk. Reginald, mzaliwa wa New Zealand, wote wawili mabingwa wa uzazi, waliliona wakaomba. Mwaka 1959 walifika Addis Ababa na mtoto wao wa kiume wa miaka 6. Catherine hakuhama tena. Alifia hukohuko Machi 18, 2020, akiwa na miaka 96, nyumbani kwake ndani ya uwanja wa hospitali aliyoijenga.

Ilikuwa wiki ambayo kila mtu alikuwa akihesabu wagonjwa wa korona. Habari ya bibi aliyefariki kwa uzee Addis Ababa ikapita hivihivi, na walioiandika wengi walirudia sifa ileile aliyovishwa miaka mingi, kwamba alikuwa Mama Teresa mwingine. Sifa hiyo sina ugomvi nayo, ila inaficha kitu. Inamfanya Hamlin aonekane mtu wa huruma tu, kumbe alikuwa mwalimu. Alikwenda kufundisha, akafundisha mpaka mwisho, na darasa lake la kwanza lilimchukua karibu miaka 50 kulirudia. Nitaeleza.

Hospitali waliyopangiwa iliitwa Princess Tsehai, kwa jina la binti wa Mfalme Haile Selassie. Binti huyo alisomea uuguzi London, akarudi nyumbani, akaolewa, na mwaka 1942 akafariki kwa matatizo ya ujauzito. Ukitaka kujua hali ya uzazi ilivyokuwa enzi hizo, anzia hapo. Ikiwa binti wa mfalme, tena muuguzi, hakusalimika, sembuse mke wa mkulima anayekaa mwendo wa siku 2 kutoka barabara ya gari?

Shule ya wakunga waliyokuja kuianzisha haikudumu. Ilitoa wakunga wachache, kisha ikafungwa. Lakini wakati huo akina Hamlin walikwishakutana na wagonjwa ambao Australia hawakuwahi kumwona hata mmoja wao: wanawake wenye fistula ya uzazi, ambayo wengine huiita nasuri.

Fistula huanza kwenye uchungu pingamizi. Kichwa cha mtoto kinakwama kwenye nyonga na hakuna wa kumpasua mama. Uchungu unaingia siku ya 2, ya 3, pengine ya 5. Kila unapokaza, kibofu kinabanwa kati ya kichwa cha mtoto na mfupa, damu inakatika, nyama inakufa. Mtoto mara nyingi huzaliwa amekufa. Siku chache baadaye ile nyama iliyokufa inanyofoka na kuacha tundu, na mkojo unaanza kutoka wenyewe mchana na usiku. Tundu likiwa upande wa nyuma, hata haja kubwa haizuiliki. Mume huondoka, au mke hurudishwa kwao, na kwao hutengewa kibanda chake peke yake kwa sababu ya harufu. Wengine hupunguza kunywa maji wakidhani mkojo utapungua. Badala yake unakuwa mkali na kuwachoma ngozi. Wengine hulala wamejikunja miaka, wakiogopa kwamba wakijinyoosha watavuja zaidi, mpaka miguu inakakamaa na kushindwa kusimama.

Ugonjwa huu si wa Kiafrika, na ni vizuri tukalijua hilo. New York ya karne ya 19 ilikuwa na hospitali ya wanawake iliyojipatia jina kwa kushona fistula. Kiwanja chake leo kina hoteli ya kifahari ya Waldorf-Astoria. Wakunga na upasuaji wa kujifungua vilipowafikia wanawake wote wa huko, wagonjwa wakaisha.

Basi akina Hamlin, mabingwa wenye vyeti, walikaa chini kama wanafunzi. Walisoma vitabu vya zamani na michoro ya waliowatangulia, yakiwemo maandiko ya Profesa Naguib Mahfouz wa Cairo, daktari wa uzazi aliyeheshimika hata mwandishi maarufu wa Misri akapewa jina lake alipozaliwa. Walianza na matundu madogo, wakapanda kwenye makubwa. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 walizibwa tundu. Habari zikasambaa vijijini, na wanawake wakaanza kufika kwa miguu, kwa punda, kwa basi walilopandishwa viti vya nyuma kabisa.

Mwaka 1962 aliletwa msichana wa miaka 16 kutoka kijiji cha mbali, Mamitu Gashe. Alikuwa amekaa kwenye uchungu siku 4, mtoto amekufa, mwili umeharibika. Hakujua kusoma wala kuandika. Alitibiwa, na alipopata nguvu akawa anajipa kazi: anatandika vitanda, anawashika mikono wagonjwa wapya na kuwatuliza kwa lugha yao. Kisha akaruhusiwa kuingia chumba cha upasuaji kumpa vifaa Dk. Reginald.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipotokea. Reginald aliona kwamba binti huyu haondoi jicho kwenye kazi. Kifaa kilikuwa mkononi mwake kabla hakijaitwa. Akaanza kumwacha akate nyuzi, kisha afunge mishono, kisha akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mamitu na kumwongoza kushika kisu. Siku zilivyokwenda mkono wa juu ukaondolewa. Mamitu akawa daktari wa upasuaji wa fistula kwa kila maana ya neno hilo isipokuwa cheti. Mwaka 1989 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha London kiliwapa nishani ya dhahabu watu watatu pamoja: Reginald, Catherine na yeye. Kusoma na kuandika alijifunza baadaye, kwa masomo ya usiku, wakati madaktari wenye shahada kutoka nchi za nje wakisimama pembeni yake kujifunza namna ya kushona.

Najua wapo watakaokunja uso. Kisu kwa mtu asiyekwenda shule? Mimi nadhani swali hilo liulizwe kwa upande mwingine: nchi ilikuwa na madaktari wangapi waliokuwa tayari kutumia maisha yao kwa mgonjwa asiye na senti, anayenuka? Akina Hamlin walitazama nani yupo, nani ana mikono, nani hatakimbia. Wengine wengi waliokuwa wagonjwa walibaki hospitalini kama wauguzi wasaidizi, na hakuna anayemwelewa mgonjwa wa fistula kuliko aliyeugua.

Hospitali yao wenyewe, Addis Ababa Fistula Hospital, ilifunguliwa mwaka 1974, mwaka uleule mfalme alipopinduliwa. Wageni wengi waliondoka, wao wakabaki. Reginald alifariki 1993 na Catherine akaendelea, akipasua hata baada ya kupita miaka 85. Matibabu hayakulipiwa. Mgonjwa alikaa kama wiki 2 na mpira wa mkojo, matone yakidondoka kwenye beseni chini ya kitanda. Ulipotolewa, kilichosubiriwa wodini ni kitu kimoja tu: shuka kuamka kavu. Siku ya kuondoka alipewa gauni jipya na nauli ya basi. Wanawake zaidi ya 60,000 wamepita kwenye mikono ya hospitali hiyo na matawi yake 5 ya Bahir Dar, Mekelle, Yirgalem, Harar na Metu.

Kwa kipimo cha wengi, idadi hiyo ingetosha kumfanya mtu apumzike. Lakini Catherine alijua hesabu yake ina kasoro. Kila tundu aliloliziba lilikuwa ushahidi kwamba siku fulani, mahali fulani, mkunga hakuwepo. Mwaka 2007, akiwa na miaka 83, alifungua Chuo cha Wakunga cha Hamlin. Wasichana huchukuliwa vijijini, husoma miaka 4, kisha hurudishwa mikoani kwao, wawili wawili, kwenye vituo vya afya vyenye namna ya kumkimbiza mama hospitali ya upasuaji mapema. Kazi iliyomtoa Australia mwaka 1959 ilianza upya baada ya miaka 48. Kwangu mimi huu ndio ukubwa wake: bingwa wa kushona aliyetaka kushona kuishe.

Hakukuisha, na si Ethiopia peke yake. Huku kwetu Tanzania nako wapo wanawake waliojifungia vyumbani, ndugu wakisema kalogwa au kalaaniwa. Siku ya kimataifa ya kutokomeza fistula huwa Mei 23, lakini usisubiri siku hiyo. Msomaji, kama kuna binti, shangazi au jirani unayemjua anavuja mkojo tangu alipojifungua, hata kama ni miaka 20 iliyopita, mwambie kwamba ugonjwa huo una tiba. Kwa Dar es Salaam, hospitali ya CCBRT huwatibu wagonjwa wa fistula bila malipo, na kwa miaka mingi imekuwa ikiwatumia nauli kwa simu walio mbali. Usimwelekeze tu. Mpeleke.