Nyoka wa Msituni na wa Nyumbani: Tahadhari Ianzie Wapi?

Swali ambalo halikosi kuulizwa kabla ya kupanda kilima cha Lirhanda ama kutembea katika Msitu wa Kakamega ni hili: je, kuna nyoka? Ndiyo, wapo. Msitu huu una fira, koboko wa kijani anayeishi mitini, na kifutu wa Gaboon, ambaye meno yake ya sumu hufikia urefu wa sentimita 5.

Hata hivyo, ni nadra mtu kuumwa akiwa kwenye kijia. Nyoka hutumia sumu kukamata chakula, na binadamu si chakula chake. Akihisi mtikiso wa hatua ardhini, mara nyingi hutoroka. Kifutu ndiye hutulia tuli akitegemea rangi yake kumficha, hivyo hatari huja anapokanyagwa. Kwa hivyo fuata kijia, vaa viatu vilivyofunika vifundo vya miguu, na usitie mkono kwenye shimo wala chini ya gogo.

Nchini Kenya, wanaoumwa zaidi ni wakulima, wachungaji na watoto, tena karibu na makwao. Panya hufuata mahindi ghalani, naye nyoka hufuata panya. Wakazi wanashauriwa:

• Kufyeka nyasi na kuondoa takataka karibu na nyumba.
• Kuweka kuni mbali na mlango, na kuzikagua kabla ya kuzishika.
• Kuvaa gambuti shambani.
• Kutumia tochi usiku, hata safari ikiwa ni ya chooni tu.
• Kulala kitandani ndani ya neti iliyochomekwa vizuri chini ya godoro.

Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na bangili kabla hajavimba, na ufunge kiungo kwa ubao kisisogee, kama cha aliyevunjika mfupa. Kisha mkimbize hospitalini. Usichanje, usinyonye jeraha, wala usikaze kamba. Jiwe jeusi halitoi sumu mwilini. Hupoteza muda tu, na muda huo ndio unaoweza kuokoa maisha au mguu. Usimfukuze nyoka, kumbuka rangi na ukubwa wake, umweleze daktari. Ikiwa swila ametema sumu machoni, yaoshe kwa maji mengi safi, kisha nenda hospitalini.