Na Nani Analala Ndani?

Cheki hii, msee. Kuna show ya TV, watu wazima, ndevu zote usoni, wanalia juu ya tofali za plastiki. Machozi ya ukweli. Kitu walichopanga masaa na masaa kimeanguka pwaa, na kamera iko papo hapo. Kuchoma picha mbele ya nchi nzima. Mi imenibamba vibaya.

Inaitwa LEGO Masters. Ilianza Uingereza 2017, mshika maiki Melvin Odoom, mtu wa asili ya Ghana, so usiniletee maneno ya "mambo ya wazungu". Marekani wakaingia 2020: mnajenga wawili wawili, saa inakimbia, washindi wanabeba dola 100,000. Mwaka ule ganji ilienda kwa bibi na bwana, Tyler na Amy Clites. Bibi na bwana! Huku wawili wakijenga pamoja, fondation haijakauka, familia mbili ziko kwenye kikao.

Ile inatushika sisi wa Butembo na Beni ni ya M6, Ufaransa, ilitoka Desemba 2020 na Éric Antoine, yule jamaa wa mazingaombwe, mrefu kama poteau. Kifaransa tunasikia. Na couvre-feu ikigonga Beni, utafanya nini? Unachoma mega. Dakika tano, mega kwisha, Éric Antoine amebaki mdomo wazi kwenye ekrani mpaka kesho.

Sasa tuongee bei. Millennium Falcon, ile kubwa ya 2017: vipande 7,541, ilitoka na bei ya dola 800. Mia nane, bro! Plastiki! Na hiyo ganji unaanza kutafuta moto ya occasion, na moto inaleta versement kila jioni. Falcon inaleta vumbi. Ukishuka soko unapata zile za ndoo, za Uchina. Rangi fiti, kushikana zero. Unapanga ukuta, mtu anapiga chafya, parcelle imeenda. Original ni ingine kabisa: tofali ya 1958, mwaka ule wazee wa LEGO, kule Billund Denmaki, waliiandikishia patenti, bado inabana na ya leo. Ta! Na ukichukua sita tu za vinundu nane, rangi moja, unaweza kuziunganisha namna 915,103,765. Sita! Hesabu hiyo hata cambiste anashusha kalamu.

Sasa weka hiyo show mbele ya vieux wa Butembo. Swali ni moja tu: "Na nani analala ndani?" Kwao kama hauna nyumba en durable, wewe si mtu, kwenye kikao kaa kimya karibu na mlango. Unawaonyesha jumba refu, lina taa, lina treni inazunguka, wanauliza choo iko wapi. Choo! Unaleta dragon, bado wanauliza choo. Mzee, hiyo ni dragon!

Na wakati huo huo, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wao, petit wa miaka tisa amepinda fil de fer, amekata kandambili ikatoka magurudumu manne, kibidoni cha mafuta kimekuwa cabine. Usukani ni fimbo ndefu, anaendesha amesimama. Fuso nzima! Akikata kona, magurudumu ya mbele yanageuka. Nimeona moja imefungwa bâche na kamba, imejaa mpaka juu, imeinama upande ule ule Fuso za kweli zinainamia zikitoka mpakani Kasindi. Detail noma. Mzee amepita, amesema mtoto anachezea kandambili.

Alafu Kongo ilishakuwa na jury yake. Msanii Bodys Isek Kingelez, huko Kinshasa, alipanga jengo la karatasi na katoni, akalipeleka musée ya taifa. Wakubwa wakakataa: huyu ameiba. Tengeneza ingine hapa hapa, tuone! Akatengeneza. Challenge ya live, bila ile Golden Brick ya LEGO Masters inayokuokoa usitolewe. Wakampa kazi ya kurepea masks. Baadaye akapanga miji mizima, hadi kijiji chake Kimbembele-Ihunga akakipigia maghorofa. 1989 kazi zake ziko Paris. Alikufa 2015, na 2018 musée MoMA ya New York ikamfanyia maonyesho yake peke yake. Nani alilala ndani? Hakuna. Watu walikata tiketi.

So mbogi, vacances zikifika tunafanya show yetu, Butembo na Beni. Fil de fer, katoni, boîte za sardine, mabua ya mahindi. Tofali za ndoo marufuku. Wa Beni watasema joto lao limelegeza gundi, excuse zao tunazijua. Mtihani wa mwisho: pakia kilo moja ya sukari, vuta kwenye vumbi, ikimwagika umetoka. Jury ni motard watatu, hao wanajua mashimo. Zawadi casier ya sucré, baridi. Vieux karibuni, viti vya nyuma, na wa kwanza kuuliza choo analipa casier.