Feni ya Injini Inapopiga Kelele

Gari litokalo Idodi kwenda Iringa mjini hupanda mlima kwa mwendo wa polepole, na hapo ndipo rejeta huitegemea feni zaidi. Kwa sababu hiyo tunakushauri usikubali kamwe fundi akate waya wa feni ili kuondoa kelele. Kelele itakoma, ila injini itachemka, na silinda hedi ikipinda, gharama yake huzidi sana bei ya feni.

Kwanza chanzo kijulikane. Zima injini, toa ufunguo, fungua waya hasi wa betri, kisha subiri ipoe. Feni ya umeme yaweza kuwaka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa. Zungusha mapanga kwa mkono. Yakikwaruza kava, huenda bolti imelegea au kijiti kimenasa, nayo hayo hayahitaji spea. Yakiyumba, au ukisikia kitu kikisaga ndani, beringi ya mota imekwisha; vumbi la barabara ya Msembe huichakaza upesi. Kwa feni inayoendeshwa na mkanda, mlio mkali wa asubuhi mara nyingi ni wa mkanda uliolegea, si wa feni.

Ukilazimika kununua mota ya mtumba, ijaribiwe kwenye betri mbele yako kabla hujalipa. Dai kurudishiwa ile kuukuu, na risiti inayotaja kifaa chenyewe, si neno “spea” pekee. Risiti hiyo ndiyo ushahidi wa kwanza tutakaouomba ukituletea malalamiko.