Kutoka Barazani Hadi Ghorofani

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ilipoahidi kuwatoa wakaazi wa Ng'ambo katika vibanda vya udongo na makuti na kuwaweka katika nyumba bora, ahadi hiyo ilikuwa na maana ambayo kila mwenyeji aliifahamu pasipo kufasiriwa. Ghorofa ilikuwa ni ya Mji Mkongwe, na Mji Mkongwe ulikuwa ni wa wenye mali. Mtu wa Ng'ambo alivuka kwenda huko asubuhi kutumika, na jioni akarejea kwake.

Ndipo yalipoinuka majumba ya Kikwajuni na Kilimani, kisha Michenzani, kwa msaada wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki. Majumba ya Michenzani, kila moja likiwa na urefu wa mita 300 hivi, watu waliyaita treni. Unguja shamba na Pemba nazo hazikusahauliwa: Makunduchi, Chake Chake na Wete zilipata zao.

Lakini aliyekabidhiwa ufunguo wa fleti alikuwa amezaliwa katika nyumba yenye mpango wake. Mbele kuna baraza, mahali pa wanaume na wageni, katikati ukumbi, nyuma uani, himaya ya wanawake, penye jiko, kinu na kamba ya kuanikia. Fleti haikuwa na baraza wala uani. Mama wa nyumba aliipeleka seredani roshani, moshi ukamwingilia jirani wa juu. Alipotwanga kisamvu, kila pigo la mchi lilikuwa ngurumo kwa jirani wa chini. Maji nayo yalipokuwa hayapandi, ndoo zilipandishwa kichwani ghorofa hadi ghorofa, na kazi hiyo aghalabu ni ya wanawake na watoto.

Wako waliocheka, wakasema watu wa vibandani hawajui kukaa ghorofani. Sisi hatuafikiani nao. Michoro ilitoka katika nchi isiyokuna nazi, na mwenye kuhukumiwa hapo si mama na seredani yake. Isitoshe, watu hao waliyazoea majumba yale kwa namna yao wenyewe. Wanaume waliliteremsha baraza chini ya jumba, kivulini, pamoja na bao na kahawa. Akina mama waliifanya ngazi kuwa uani: hapo huulizana hali, huazimana chumvi, na mtoto wa mmoja hukanywa na yeyote apitaye. Desturi ya hodi ilipanda ngazi pamoja na wenyewe.

Katika Mji Mkongwe mambo yalikuwa mazito zaidi. Nyumba nyingi zilizotaifishwa walitiwa watu kutoka Ng'ambo, shamba na Pemba, na jumba lililojengwa kwa ukoo mmoja likagawanywa kwa jamaa kadhaa. Nyumba ya mawe na chokaa, yenye boriti za mikoko, inataka kupakwa chokaa mara kwa mara na kulindwa na maji. Nani aliyemweleza hayo mpangaji mpya? Paa lilipovuja, kila chumba kilisema paa ni la chumba kingine. Kuta ziliporomoka, na lawama akatupiwa mpangaji, ilhali mwenye nyumba wakati huo alikuwa ni Serikali yenyewe. Mji huo uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini heshima hiyo haizibi paa.

Tunayaandika haya kwa sababu ujenzi wa majumba ya ghorofa Ng'ambo haujakoma, na watu wangali wanahamishwa kutoka nyumba za chini. Wakuu wanaohusika, kwa taadhima, tunawaomba wawaite akina mama kabla ya michoro kutiwa saini, wala si siku ya kukata utepe. Wawaulize kitoweo kitapikwa wapi, nguo zitaanikwa wapi, na maji yakikatika ni nani atakayepanda nayo. Wawaulize wazee pia. Mzee asiyeweza kushuka ghorofa tano hukosa jamaa msikitini na mazungumzo barazani, akabaki dirishani kuwatazama rika zake. Na liko jambo moja ambalo wenye kuhamishwa huona haya kulitaja mbele ya wakubwa, basi tulitaje sisi: upana wa ngazi upimwe kwa jeneza, likiwa mabegani mwa wachukuzi wake, na lipatikane chini ya kila jumba eneo la kutandika majamvi ya matanga.