Kukaza Nati Si Kutengeneza Breki

Simama asubuhi kwenye steji ya boda boda pale Kondele au karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu, utaliona jambo hili. Mwendeshaji anainama, anaizungusha nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki ya nyuma mara mbili tatu, kisha anampakia abiria. Kwake yeye breki imeshatengenezwa. Ukweli ni kwamba ameisogeza tu karibu na mwisho wake.

Zamani Kisumu ilibebwa na baiskeli. Serikali ilipoondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, injini zikachukua nafasi na mizigo ikaongezeka: mchele wa Ahero, samaki wa Dunga, abiria wawili wa mshikaki. Uzito huo wote hukaa nyuma. Ongeza mchanga wa ufuoni, maji yanayochuruzika kutoka kwenye masanduku ya samaki, na tope jeusi la uwanda wa Kano wakati wa mvua. Vyote huishia kwenye gurudumu la nyuma.

Pikipiki nyingi za boda boda zina breki ya dramu nyuma. Ndani yake mna breki shuu mbili zenye umbo la mwezi mchanga, zilizobandikwa tabaka gumu la kusugua. Ukikanyaga pedali, fimbo huvuta mkono mdogo wa chuma, mkono huzungusha kemu, na kemu huzitanua shuu zikabana dramu. Tabaka likiisha, kemu hulazimika kuzunguka zaidi. Ukikaza nati unafidia nafasi hiyo, lakini tabaka halirudi. Mwishowe mkono hulala vibaya na nguvu ya mguu hupotea, au kemu hupinduka na gurudumu likakwama ghafla. Hebu fikiria hayo yakikupata ukiteremka Riat kuja mjini na mama na mtoto nyuma.

Pikipiki nyingi zina mshale kwenye mkono huo na alama kwenye bamba la breki. Kanyaga pedali uangalie: mshale ukifika kwenye alama, shuu zimekwisha, nunua mpya.

Kuifungua nyumbani si kazi ngumu. Tafuta spana za saizi zake, plaisi, msasa, kitambaa na grisi kidogo. Injini na dramu ziwe zimepoa. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati mahali palipo sawa, si kwenye mchanga.

Kwanza, fungua nati ya fimbo, kisha bolti ya chuma kirefu kinacholizuia bamba la breki lisizunguke. Angalia alama za kurekebisha cheni zilipo kila upande, ili urudishe gurudumu likiwa limenyooka. Fungua nati ya ekseli, chomoa ekseli, na uweke bushi zake kwa mpangilio. Kwenye baadhi ya pikipiki gia ya nyuma hubaki na cheni yake. Kwenye nyingine itabidi uiteremshe cheni.

Pili, toa bamba la breki. Vumbi lililomo usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu, kwani shuu za zamani huweza kuwa na asbesto, na vumbi lake ni sumu ya mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Tatu, pima tabaka. Likibaki milimita 2 au pungufu, au likiwa limepasuka au limelowa mafuta, badilisha shuu zote mbili pamoja. Likiwa nene lakini linang'aa kama kioo, lisugue kwa msasa hadi ung'avu utoke. Kutoa shuu, zikunje pamoja kama unayefunga kitabu, springi zitalegea. Safisha kemu na uipake grisi nyembamba, pamoja na pini ya upande wa pili. Grisi isiguse tabaka wala dramu.

Nne, rudisha kila kitu. Kabla ya kukaza nati ya ekseli, kanyaga pedali kwa nguvu ili shuu zikae katikati. Kisha ikaze sawasawa. Ile bolti ya kuzuia bamba usiisahau, na pini yake ya kufungia iwe mpya. Ikichomoka njiani, bamba huzunguka na gurudumu hukwama.

Sasa ndipo nati ya fimbo ina kazi yake. Irekebishe mpaka pedali iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30, kama upana wa kidole gumba. Zungusha gurudumu kwa mkono: likisugua, legeza kidogo. Hakikisha taa ya breki inawaka. Jaribu kwa mwendo mdogo bila abiria, na kama shuu ni mpya, kanyaga kwa upole siku za mwanzo mpaka zizoeane na dramu.

Dramu ikiwa na mifereji ndani, au breki yako ikiwa ya diski na mafuta, mpelekee fundi. Mengine yote ni kazi ya saa moja hivi, na baada ya msimu wa mvua si ya kuahirisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anayepanda nyuma yako hana njia ya kuikagua breki hiyo. Amekuamini wewe, na abiria ni amana.